Hodi Niliyoinyamazia

Shule niliiacha mapema, nikabaki na chuo cha Kurani na kusuka mikeka. Wenzangu wote wa chuoni nawakumbuka kwa majina, mpaka ya baba zao, lakini leo simtaji mtu. Habari yangu ni ya mjukuu wangu.

Alitoka Kiwangwa kwa wazazi wake akaja kwangu Bagamoyo, sababu mtandao huku unashika. Kwenye kazi aliyoomba Dar walimpa mtihani: atengeneze programu, kompyuta iandike namba kwa maneno, moja mpaka elfu moja, kisha ijumlishe herufi zake zote. Mwisho wa kutuma saa sita mchana.

“Si uhesabu tu, mke mwenzangu?” nikamtania.

“Mpaka elfu, bibi? Nitazeeka kama wewe.”

“Uzee huu utauweza?”

Saa tano ikapita, jibu linakataa. Moja mpaka kumi ilikuwa sawa na hesabu yake ya mkono. Ikifika kumi na moja, jumla inazidi. Mimi ukili wa mkeka nasuka, nafumua, nasimama, nakaa.

Mara jirani yangu: “Hodi! Hodi wenyewe!”

Huyo akiingia, mtoto hana budi ainuke, ampe mkono, shikamoo, habari za nyumba nzima, kisha chai. Nikaenda mlangoni, nikalisukuma komeo taratibu. Tangu niolewe sijapata kumfungia mtu mlango mchana.

“Hodi ya pili hiyo! Mbona kandambili zenu naziona?”

Mjukuu akataka kuinuka. Nikamkalisha.

“Haya, ya tatu. Nyumba ina watu, haina adabu!”

Likanichoma, lakini komeo sikuligusa.

“Bibi,” mjukuu akaninong'oneza, “inahesabu na nafasi zilizo katikati ya maneno!” Akarekebisha, akajaribu, ikalingana na ya mkono. Akatuma. “Imeingia.”

Nikafungua nimkimbilie jirani. Kumbe kakaa barazani, kanuna.

“Mmeweka mwali ndani?”

“Niwie radhi, shoga yangu. Mtoto alikuwa na mtihani.”

“Si ungesema ‘subiri’? Mimi mgeni hapa?”

Mjukuu akatoka mbio kumwamkia.

Majibu ya Dar hayajaja. Simu ya mtoto ikilia, moyo wangu huruka, na shoga yangu akiisikia kutoka uani kwake hupaza sauti: “Ndio wao?”