Baiskeli Mbili Juu ya Umatengo

Mgongo wa mume wangu naujua kuliko uso wake. Tangu watoto wetu wahame kwetu Mjimwema, Songea, na kutuachia nyumba yenye vyumba vingi na maneno machache, mwalimu huyu alishikwa na wazimu wa milima. Shule zikifungwa tu, baiskeli mbili za gia zinatolewa stoo, zinatiwa grisi, na mimi nafunga duka langu la vitenge tukatafute mahali pa kuvukia milima kwenda ziwani. Milima yenyewe naipenda. Ninachokichukia ni kuipanda nikimfuata yeye.

Anaipanda miinuko kama anayefukuzwa. Akifika juu hukaa kwenye jiwe, hunywa maji, hupunga upepo, na mtu akimwona atasema ni mume mwema anamngoja mkewe. Kumbe mimi nikitokeza tu, napumua kwa mdomo, yeye anasimama, anajikung'uta suruali na kusema, "Haya, twende." Yaani yeye anapumzika muda wote ninaohangaika, na mimi nikifika mapumziko yameisha. Nimemweleza jambo hili kwa upole, kwa ukali, hata kwa machozi. Ananisikiliza vizuri sana, halafu anatangulia.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya kutoka Mbinga kuteremka Ziwa Nyasa, si kwa barabara ya lami bali kwa njia ya zamani ya miguu inayokata juu ya safu ya milima. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Asubuhi, tukiwa mgahawani Mbinga, nilisukuma kikombe changu cha chai pembeni nikamwambia, "Mzee, leo ukiniacha nyuma, hii ndiyo safari yangu ya mwisho na wewe. Sitanii."

Akacheka. "Mama, mlima hauna adabu za sebuleni. Kila mtu anapanda kwa pumzi zake." Kisha akaagiza chapati nyingine.

Nikazima simu yangu kwa hasira na kuitia ndani kabisa ya begi. Sikutaka aniulize kwa simu nimefika wapi, kama mzigo uliotumwa kwa basi.

Hatukuwa tumekwenda mbali njia ikaanza kupanda, udongo mwekundu ukajaa kwenye breki, ikabidi tushuke tusukume. Haukupita muda nikaanza kuuona ule mgongo ukipungua. Kwenye kona ya tatu sikuuona tena, ukungu ulikuwa umeshuka. Nilimkuta mbele kidogo, na kwa mara ya kwanza nikadhani ananingoja. Hakuwa ananingoja. Alikuwa ametazama shamba lililoziba mteremko wote na kufanya njia izunguke mbali, na alikuwa anatafuta pa kukatizia.

Lilikuwa shamba la ngoro. Kwetu Songea tunalima matuta yaliyonyooka, na mtu mwenye haraka anaweza kupitisha baiskeli katikati ya tuta na tuta bila kudhuru kitu. Ngoro za Wamatengo ni mashimo, shimo hili na jingine, mlima mzima, na kingo zake ndizo zinazopandwa. Maji ya mvua yanatuama mle shimoni badala ya kuondoka na udongo. Mume wangu alijua hayo, maana huyafundisha darasani. Lakini miguu yake ni ya Songea. Aliinua gurudumu la mbele akalipandisha juu ya kingo, akaanza kusukuma huku maharage machanga yakilala na udongo mbichi ukimomonyoka nyuma yake.

"Usipite hapo," nikamwambia.

"Ni hatua chache tu."

Mwanamke mmoja mtu mzima aliinuka kutoka shimoni, jembe mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuniitikia. Alikuwa anazitazama kingo zake. Nyingine zilikuwa zimekatika kabisa, na maji ya shimo la juu yalikwisha kupata njia ya kuingia la chini.

"Baba, simama," alimwambia mume wangu. "Mvua ikinyesha leo hii, hapo ulipopitisha chuma chako patakuwa korongo."

Mume wangu alikuwa ameshavuka. Aligeuka, akaweka mkono kifuani, akasema, "Samahani sana, mama yangu." Kisha akanitazama mimi. "Msaidie kidogo, halafu unifuate. Nakungoja juu."

Akaondoka. Nisingekuwa nimemwona kwa macho yangu, ningesema anasingiziwa. Aliniacha kwenye mataa, mbele ya mtu aliyemharibia yeye, nijibu mimi.

Nililaza baiskeli chini ya mibuni iliyopakana na shamba, nikavua viatu, nikaingia shimoni. Yule mama alinipa jembe. Nyasi zilizofukiwa chini ya kingo zilikuwa zimetokeza kama mbavu, tukawa tunazilaza upya, pande nne, na kuzifunika kwa udongo.

"Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume," alisema baada ya muda. "Wakimaliza wanakwenda zao. Kufukia ni sisi."

"Nimeona," nikasema.

Tulikuwa tumebakiza ukingo mmoja niliposikia mawe yakiporomoka njiani, juu yetu. Halafu sauti yake. "Mama watoto! Mama watoto, uko wapi?" Alikuwa anarudi. Mtu ambaye maisha yake yote hajapata kurudi nyuma hata kuokota kofia iliyoanguka alikuwa anateremka mlima aliokwisha kuupanda, ananitafuta. Safari hii aliifuata njia yenyewe, inayozunguka shamba, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Nilimwona katika ukungu akipita upande wa pili wa mibuni, anasukuma baiskeli, shingo ameikunja kutazama bondeni, kama aliyedhani nimegeuza kurudi Mbinga.

Yule mama alininong'oneza, "Si wako huyo?"

"Ndiye."

"Huitikii?"

Niliteka udongo nikaushindilia kwa kiganja. Nilitaka ashuke. Nilitaka ashuke mpaka chini kabisa, ulegee mguu, akauke koo, ajue urefu wa mlima unavyokuwa unapomtafuta mtu asiyekuwapo. Roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa. Sauti ikapungua bondeni, ikaisha, na yule mama hakuniuliza tena. Tulipomaliza aliniletea maji ya kunawa na muhogo wa kuchemsha, akanionyesha njia.

Nilipanda kwa pumzi zangu. Nilipofika juu, mahali safu inapoinama kupitisha watu, ukungu ulikuwa umefunguka na ziwa lote lilikuwa chini yangu hadi milima ya ng'ambo. Nilikaa kwenye jiwe. Nilikaa mpaka nilipochoka kukaa, kisha nikateremka hadi Mbamba Bay.

Alifika jioni, amepanda lori la saruji, baiskeli yake juu ya mifuko. Alinikuta kwenye gesti tuliyokuwa tumepatana kulala, nakula ugali na samaki wa ziwani, mbasa. Akakaa bila kunawa.

"Nilirudi kukutafuta," alisema. "Nimeita mpaka sauti imekauka."

"Nilikusikia."

"Ulikuwa mbali?"

"Hapo kwenye mibuni. Ulipita karibu yangu."

Nilidhani atafoka, na nilikuwa na maneno ya kumjibu, lakini hakufoka. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akanipa tena ule mgongo.

Asubuhi nilimkuta ameziosha baiskeli zote mbili na kupaka mafuta minyororo. Yangu ameiweka mbele. "Leo tangulia wewe," akasema, hata hakuniangalia usoni. "Nitakufuata."

Maneno hayo niliyasubiri miaka mingi, na yalipokuja nikaona sina pa kuyaweka. Nilishika usukani, nikaisukuma baiskeli mpaka stendi, nikamwomba utingo aipandishe juu ya basi la Songea. Akaniuliza kama tuko wawili.

"Niko peke yangu," nikamwambia.