Mkaguzi Aliyekaa Kwenye Benchi

Watu walimwita Daktari Kaa-Kwanza. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukisoma. Uingie umeshika tumbo, uingie unachechemea, uingie na mtoto anayelia mgongoni, neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Kaa kwanza." Ukishakaa, hakukuuliza unaumwa wapi. Alikuuliza, "Nyumbani umemwacha nani?" Na ukijibu kwamba umemwacha mama mkwe msiyesemezana naye, au mume aliyeachishwa kazi, au paka tu, hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kuonyesha mkia wake.

Zahanati yake ilikuwa nyumba ndogo mwishoni mwa mtaa wa mafundi. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba cha chama cha kimataifa cha madaktari wa familia. Kibao hicho kilimwambia kila apitaye kwamba hapo madaktari vijana huja kujifunza kazi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyekuwa muuguzi hapo tangu nywele zao wote wawili zikiwa nyeusi, alikisugua kwa ndimu na majivu kila Jumamosi, hata herufi zikaanza kulika.

Ndani kulikuwa na benchi. Lilikuwa refu, la mbao ngumu, limelainishwa na makalio ya mtaa mzima. Hapakuwa na namba wala kadi. Ukifika unakaa mwisho. Wa mbele akiingia kwa daktari, wote mnasogea. Aliyefika kwenye kona karibu na mlango ndiye mwenye zamu. Mwenye nyumba za kupanga alisogea, na mfagiaji wake alisogea, na wakati wa kusogea waligusana mabega, wakasalimiana. Siku hizi mtu hukata tiketi kwenye mashine, kisha jina lake hutangazwa kwenye spika kama la mshtakiwa. Anaingia, anamkuta daktari amekodolea macho kioo, na anatoka bila kujua kama daktari mwenyewe ana pua ndefu au fupi.

Chama kile daktari alikiingia angali kijana, mkono wake ukiwa mkononi mwa daktari mzee aliyemfundisha kazi. Walikwenda pamoja kwenye mkutano mkuu ng'ambo. Hotuba zote alizisahau. Alichokumbuka ni mama mmoja, daktari wa nchi ya milima, aliyekaa naye wakati wa chai akamhesabia kwa vidole nyumba za wagonjwa wake: hii ngazi yake imeoza, hii mzee wake hafungui mlango mpaka umtaje mbwa. Yule mama hakuwa na Kiingereza cha kujivunia, wala yeye hakuwa nacho, lakini walielewana kama watu waliochota maji kisima kimoja.

Baada ya hapo wanachama walitembeleana. Mgeni alikuja, akalala chumba cha nyuma, akala chakula cha mke wa mwenyeji wake, akaenda naye kwa wagonjwa majumbani. Huo ndio uliokuwa ukaguzi. Siku ya kuondoka mgeni alikwambia usoni, "Ndugu yangu, watoto unawapa dawa nyingi mno." Ulinuna, ukamsindikiza kituoni hali umenuna, na wiki iliyofuata ukapunguza dawa.

Sasa chama kilikuwa kimekua, na kikubwa hakina macho ya kuona vidogo. Ikaja habari kwamba zahanati zote zenye kibao zitakaguliwa upya, nusu siku kila moja, na mkaguzi mwenye kishikwambi. Itakayoshindwa itang'olewa kibao, na wanafunzi hawatapelekwa tena. Kibao chenyewe Kaa-Kwanza angeweza kukiacha kiende na maji. Wanafunzi hapana. Mke alishatangulia, mtoto hakujaliwa, na lile swali lake la nyumbani lilikuwa halina pa kuishi ila vinywani mwa vijana wale.

Asubuhi ya ukaguzi shemeji yake alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hilo koti si ndilo ulilovaa kwenye harusi yangu?"

"Harusi yenyewe ilishavunjika. Koti bado lipo."

"Sawa, nicheke tu. Lakini nisikilize, shemeji. Mkaguzi anakuja saa nne, kwa gari. Leo usiulize watu habari za paka zao. Pima, andika, aingie mwingine."

"Nitajitahidi."

"Ulijitahidi mwaka gani ukaweza?"

Akaenda nyuma kubadilisha mashuka. Wanafunzi wawili waliokuwapo aliwatuma kwenye chumba cha dawa kupanga chupa, wasije wakaonekana wamekaa bure.

Yaliyotokea kwenye benchi alikuja kuyasimulia fundi viatu, ambaye goti lake lilimleta pale mara kwa mara kuliko lilivyohitaji. Alisema aliingia mzee mmoja kwa miguu, suruali ina vumbi, mkoba mdogo kwapani, na uso wa mtu ambaye hajapata usingizi wa maana kwa muda mrefu. Alisimama akitafuta wa kumwuliza. Hakumwona mhudumu, akakaa mwishoni mwa benchi kupumzika.

"Tukasogea, naye akasogea," fundi alisema. "Nikamwambia, baba, usiache nafasi, watu watakupita. Akacheka kidogo, akasogea tena. Ningejuaje? Hakuwa na gari, hakuwa na tai."

Zamu yake ilipofika, mlango ulifunguliwa. Mzee aliinuka, akaingia, akafungua kinywa ajitambulishe.

"Kaa kwanza," alisema daktari.

Akakaa.

"Nyumbani umemwacha nani?"

Kinywa kilikuwa bado wazi, lakini jina na cheo havikutoka. Alilitazama dirisha. Alizitazama pia kucha zake.

"Hakuna mtu," alisema hatimaye. "Alikuwapo mke wangu."

Kaa-Kwanza hakusema pole. Alisogeza kiti chake upande wa pili wa meza, wakakaa ubavu kwa ubavu kama watu wanaongoja basi, akamshika kifundo cha mkono. Mengine yalikuja yenyewe: kitanda kilichokuwa kipana mno, chai anayopika ya watu wawili kisha anamwaga nusu, vidonge vya usingizi anavyojiandikia mwenyewe, kimoja, kisha viwili.

"Unajiandikia?"

"Ninaweza. Mimi ni daktari."

"Na daktari wako ni nani?"

Mgeni alicheka, kicheko kikakwama njiani. "Kazi hii nimeifanya umri wangu wote. Sijawahi kuwa naye."

Presha ilikuwa juu. Daktari aliipima tena mkono wa pili, ikawa juu vile vile. Walikuwa bado wanazungumza shemeji alipochungulia, jasho linamtoka.

"Shemeji, saa nne imepita zamani. Mkaguzi hajafika."

"Nimefika, dada," alisema mgonjwa, akifungua vifungo vya mkono wa shati lake.

Shemeji alimtazama yeye, akautazama mkoba, akauona ukingo wa kishikwambi. Akashika tama.

Mgeni aliuweka mkoba magotini bila kuufungua. "Chama kina kanuni moja ya zamani," alisema. "Mtu hamkagui daktari wake. Sijaandika lolote bado. Ukiniambia nitafute daktari mwingine, natoka, naanza kazi, na kibao kitabaki kilipo, maana nilichotaka kuona nimekiona. Lakini nikirudi hapa kama mgonjwa, itabidi waje wakaguzi wengine."

"Basi toka nje, baba," alisema shemeji haraka. "Uingie tena, mkoba mbele. Sisi tutajifanya hatujawahi kukuona."

Kutoka chumba cha dawa zilisikika chupa zikigongana. Wanafunzi walikuwa wakipanga na kubishana. Kaa-Kwanza alizisikiliza. Aliwajua hao wengine watakaokuja na watakachouliza. Alijua pia kwamba daktari anayetumwa kutafuta daktari huishia kwenye kabati lake mwenyewe la dawa. Shemeji alianza kuukunja upindo wa aproni yake. Daktari alimgeukia mgeni.

"Alhamisi ijayo," alisema. "Asubuhi, na usinywe chai kabla hujaja. Vidonge vyote vilete hapa, pamoja na vile ulivyoficha."

"Umejuaje kuna nilivyoficha?"

"Na mimi ni daktari."

Shemeji alitoka, akaubamiza mlango. Benchi zima, lililokuwa limesikia yote kupitia mlango huo, liligeuka kumtazama, fundi viatu wa kwanza.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Hapa naona mambo yamepinduliwa."

"Funga domo, na hilo goti lako," alimjibu shemeji.

Hao wengine walikuja mwezi uliofuata, vijana wawili nadhifu, wenye adabu. Waliuliza mashine ya foleni iko wapi. Waliuliza kwa nini mgonjwa mmoja anachukua muda wa wagonjwa wanne. Hawakulala chumba cha nyuma. Hata chai waliiacha ipoe. Kibao kiling'olewa kwa bisibisi, na pale mlangoni pakabaki matundu na mraba wa rangi isiyopigwa jua. Wanafunzi waliaga, mmoja wao akilia. Wengine hawakuja tena.

Shemeji alimnunia majuma kadhaa, akimletea chai bila sukari. Kila Alhamisi yule mzee alifika kwa miguu, akakaa mwisho wa benchi, akasogea.

Alhamisi moja aliingia, akakaa kabla hajaambiwa.

"Nyumbani umemwacha nani?" aliuliza daktari, kama alivyouliza siku zote.

"Nimemwacha dada yangu. Nilimwandikia, kama ulivyosema. Amekuja na masanduku, ameshabadilisha mapazia yote." Alikunja mkono wa shati tayari kwa kipimo. "Anasema mgongo unamsumbua. Anauliza kama naye anaweza kuja."

Daktari alimfunga kitambaa cha presha mkononi, taratibu.

"Mwambie aje," alisema. "Mwambie benchi ni gumu kidogo."