Kuitika Hewani

Miaka ile ya baada ya Mapinduzi, jioni tukitoka kazini, tulikuwa tukichupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani. Urefu haukututisha. Kilichotutisha ni wenzetu. Mtu akishauacha ukuta, yumo hewani, mmoja wetu humwita jina kwa sauti ya mtu mzima. Tumelelewa kwamba ukiitwa na mkubwa unaitika, basi kinywa hufunguka chenyewe: "Naam." Huingia majini nacho wazi, akaibuka anakohoa, na sisi juu tunagaragara kwa kicheko.

Mie nilishachoka kunyweshwa maji ya chumvi na wahuni wale. Siku moja nikiwa hewani nikasikia jina langu, sauti ya kike, imeigizwa vizuri mno. Nikabana midomo mpaka chini. Nilipoibuka nikawapigia kelele: "Leo siitiki, hata aite nani."

Hakuna aliyecheka. Wenzangu wote walikuwa wamesimama wima, wanaamkia: "Shikamoo, Bi." Mama yangu hakuwajibu. Alikuwa akinitazama mimi, na kubadhi langu moja, nililolivua pale ukutani, lilikuwa mkononi mwake.