Dagaa wa Bwana Elia

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya wajawazito, Temeke, enzi za Mwingereza, niliamini dawa hukaa kabatini. Sista Mkuu, Mzungu mkali mwenye moyo laini, akanifungulia kabati la vidonge vya chokaa, madini yanayojenga mifupa na meno. Kopo lilikuwa tupu.

"Mpaka meli ije, mkunga, dawa yako iko sokoni," akasema.

Ndipo akaja Tabitha, mke wa karani kutoka bara. Mimba ilikuwa kubwa, na misuli ya miguu ilimkaza mpaka alie.

"Hata kumbeba huyu mwanangu tumboni siwezi," aliniambia.

Nikamwita mumewe, Bwana Elia. Nikamweleza habari za dagaa wakavu, wenye chokaa ile ile, waliwe na vichwa na miiba yao, ufuta, na mbegu za maboga, zenye magnesi, madini yanayosaidia misuli kulegea.

"Mama mkunga, mie karani! Nyumba yangu inuke dagaa? Nipe vidonge."

"Vidonge havipo, baba. Mkeo yupo."

Akaondoka bila kuaga. Nilimkasirikia, nisifiche.

Kazi yetu ilikuwa pia kuwatembelea wajawazito majumbani. Nilipofika kwao Mtoni nilimkuta Bwana Elia uani, mikono ya shati kaikunja, anatwanga. Tabitha hakuivumilia harufu ya dagaa, kwa hiyo mumewe aliwakaanga bila mafuta, akawatwanga na ufuta wawe unga wa kunyunyizia mchicha. Majirani walichungulia juu ya ua.

"Jamani, karani kashika mchi!"

"Cheka tu, dada. Nikimaliza nitakuonjesha."

Tangu siku ile nikampenda kama kaka yangu. Miguu ya Tabitha ikatulia polepole, akazaa binti, Neema. Sisemi ni dagaa peke yao. Mungu naye alikuwepo.

Nikahamishiwa Kinondoni, kisha Mbweni, na kote nilianza na kikapu cha sokoni kabla ya kabati. Sasa nimestaafu, mifupa yangu nayo inalalamika. Tabitha ametangulia.

Juzi Neema alikuja na kopo.

"Shikamoo, mama mkunga. Baba kakutwangia."

"Marahaba. Kwa mikono ile inayotetemeka?"

"Nilitaka kumpokea mchi, akakataa. Kasema, 'Unga wa mama yako sikumwachia mtu, na wa mkunga wake simwachii.'"

Nikafungua kopo, nikanusa ufuta, nikalia mbele ya mtoto wa watu.