Damaris wa Mosocho na Paipu ya Pijo

Pale Mosocho, ukiteremka kidogo kutoka sokoni, kuna kibanda cha mabati ambacho mbele yake huwezi kuwasha sigara. Hakuna kibao kinachokataza. Kuna mwanamke anayeitwa Damaris, na ukitoa kiberiti mfukoni atakuangalia mpaka ukirudishe. Ni fundi wa magari ya zamani, yale ambayo mafundi wa siku hizi wakiyafungua wanatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta na hawapaoni.

Katika kutembea kwangu nimepita gereji nyingi, toka Keroka mpaka Migori, na mafundi hodari nimewaona. Lakini kwa huyu nilikaa siku tatu. Nilikuja kujikinga mvua tu.

Damaris hakwenda shule ya ufundi. Alianza kwa kuwapikia mafundi chai na maharagwe, jiko lake likiwa nyuma ya uzio. Siku moja akakataa kuwasha jiko. Mafundi wakaona anadeka. Yeye akasema lori lile pale linanuka petroli, na watoto wake bado wanamhitaji. Wakalichungulia lori kwa kumdhihaki, wakakuta paipu imetoboka tundu la kuingia sindano. Tangu hapo wakawa wanamwita aje anuse. Kutoka kunusa akaenda kushika spana, na kutoka spana akaenda kulala chini ya gari. Huu sasa ni mwaka wa kumi na tisa, na wawili kati ya wale waliomcheka humletea kazi zilizowashinda.

Basi Ijumaa ile, saa nane hivi, akafika mzee Nyangau, mkulima wa chai kutoka Gesima, na Pijo 404 yenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa ameiendesha vioo vyote vikiwa wazi kwa sababu ya harufu. Jumapili binti yake Mokeira angefunga ndoa kanisani Nyanchwa. Mama yake Mokeira, ambaye sasa ni marehemu, alipelekwa kwenye arusi yake na gari hilo hilo, na kabla ya kufa alimwomba mumewe ampeleke mtoto nalo. Mokeira alikuwa amefikia kwa shangazi yake hapo Mosocho, na msafara ungeanzia hapo. Gari lilikuwa limelala miaka tisa kibandani kwa mzee. Sasa lilikuwa limeamka, lakini lilikuwa linadondosha petroli karibu na ekzosi.

Aliyeliamsha alikuwa Gibson, ndugu wa marehemu, yaani mjomba wa bibi arusi. Gibson ni fundi wa mabomba ya maji, na mzuri. Nusu ya nyumba za Mosocho zinaoga kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa amekuja na shemeji yake, akamwambia Damaris kwamba ameshamaliza kazi kubwa, amebakiza kukaza tu.

Damaris akaenda kuchota maji. Aliliosha gari tumboni, akaliacha likauke kabisa. Halafu akaleta kopo la unga mweupe. Ni unga wa yale mawe laini ya Tabaka ambayo watu huchonga vinyago. Wachongaji huutupa, yeye huuomba. Akaupaka kwenye paipu yote kwa brashi, toka tangi mpaka kwenye injini, akamwomba Nyangau awashe, akakaa chini kama mtu anayengoja chungu kichemke. Tukangoja. Mahali petroli inapotoka, hata ikiwa kidogo kuliko jasho, ule unga hugeuka mweusi.

Uligeuka mweusi mahali pawili.

Pa kwanza ni pale paipu inapounganika na pampu. Damaris akafungua nati, akachomoa utepe mweupe uliokuwa umezungushwa kwenye nyuzi zake, ile mistari ya kuzungushia nati, ule ule wa mabomba ya maji. Vipande vyake alivikuta mpaka ndani ya kabureta. Akamwonyesha Gibson kwa upole kwamba kwenye gari kinachozuia petroli si nyuzi za nati. Ni mdomo wa paipu wenyewe, uliopanuliwa kama tarumbeta ukakaa sawasawa kwenye kiti chake. Ukiziba nyuzi, umefunga mlango na kuacha ukuta wazi. Gibson akasema maji na petroli vyote ni vitu vya kutiririka. Damaris akasema hata uji unatiririka, lakini hajaona mtu akiutia kwenye tangi. Nyangau akacheka mpaka akakohoa.

Pale akapanua mdomo upya, akakaza, akapaka unga. Ukabaki mweupe.

Pa pili palikuwa pabaya. Chini ya bodi, kwenye kibanio kinachoshika paipu, tope la miaka lilikuwa limeweka maji na kutu ikala chuma. Kipande kile kilitaka kukatwa chote. Damaris akatazama jua, akanawa mikono, akaanza kukusanya spana.

Nyangau ni Msabato kama yeye, alijua maana yake. Sabato inaingia jua likizama. Hata hivyo alisihi. Gibson, ambaye ni Mkatoliki, alileta Biblia.

"Mong'ina," akasema, na hilo ndilo jina la heshima tunalowapa akina mama huku, "ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, si imeandikwa atolewe?"

"Ng'ombe wenu hajaanguka," Damaris akasema. "Amesimama pale anatafuna. Ninyi ndio mmeingia kisimani."

Nyangau akauliza kama Jumamosi jua likishazama angeweza kumaliza. Hapo Damaris aliacha utani. Alisema petroli hashiki gizani, kwa sababu giza linataka taa, na taa na petroli havikai chumba kimoja. Angeanza Jumapili jua likichomoza.

"Na usipomaliza?"

"Nisipomaliza, tata," akasema, yaani baba, "Mokeira atakwenda kanisani kwa miguu, na atafika. Hilo ninaweza kukuahidi leo. La gari nitakuahidi Jumapili."

Mzee aliliacha gari pale, akaondoka ameinamisha kichwa. Nami nikapata pa kulala kwa jirani.

Jumamosi, Wasabato wakiwa kanisani, Gibson akarudi. Nilimwona akiingia chini ya gari na kipande cha sabuni ya kufulia na utepe aliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Huku kwetu hivyo ndivyo watu wanavyofanya: sabuni kwenye tundu, mpira juu yake, unavuta na kufunga. Na kweli, matone yalikoma. Nyangau alipotoka kanisani akakuta chini pakavu, akamkumbatia shemeji yake, akatia ufunguo.

Damaris akafika na nguo zake za ibada. Hakugusa gari. Aliokota kipande cha katoni kisicho na doa, akakisukuma kwa mguu chini ya ile paipu.

"Liache lilale hapa. Asubuhi katoni ikiwa kavu, chukua gari lako, na mimi nitamwomba Gibson msamaha mbele ya watu."

Nyangau alichomoa ufunguo, akasimama nao mkononi, akitazama katoni, akimtazama shemeji. Nilimhurumia. Mwisho akautia ufunguo mfukoni akaenda zake.

Alfajiri tulikuwa wote pale, na Gibson alitangulia. Katoni ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Damaris alikata ule mpira kwa kisu na kumtilia Gibson kiganjani. Ulikuwa umevimba na kulainika kama ndizi iliyopikwa ikapitiliza, kwa sababu petroli huula mpira wa tyubu pole pole. Alimwambia tu ashike mtungi, maana lazima tangi likaushwe kabla ya kukata, na anahitaji mtu anayejua kushika paipu bila kuipinda.

Nikwambie, hapo ndipo nilipompenda yule mwanamke. Aliwagawia wote kazi. Gibson alikata, maana mkono wake kwa kukata ni mzuri, mkato wake umenyooka kama wa wembe. Damaris alilainisha kingo, akaweka kipande kipya cha paipu, akavisha pete za shaba kwenye maungio, akakaza nati kwa spana mbili, moja ikishika, nyingine ikizungusha, ili paipu isijisokote. Kibanio kipya akakivisha kipande cha ngozi, chuma kisile chuma. Hakuna aliyemharakisha, ingawa vigelegele vya kwa shangazi vilikuwa vimeanza kusikika. Saa tatu akarudisha petroli tangini, akapaka unga, injini ikanguruma, tukangoja. Unga ulibaki mweupe toka mwanzo mpaka mwisho.

Nyangau akataka kwenda kumchukua bibi arusi. Damaris akamwambia bado. Akafungua mlango wa nyuma, akatandika gazeti, akaketi pale pale ambapo Mokeira angeketi, juu ya ile paipu.

"Endesha," akasema. "Pita kwenye mashimo yote, usinihurumie."

Wakaenda mbali, wakarudi. Akashuka, akalala chini akanusa, akainuka akampa mzee mkono. Ndipo gari likaenda kumchukua Mokeira.

Damaris hakwenda arusini, kulikuwa na Landrova ya watu inangoja. Mimi nilipanda boda boda. Nilipofika Nyanchwa, maharusi walishaingia na nyimbo zilikuwa zimeanza. Pijo ilikuwa imeegeshwa kwenye nyasi, utepe wa arusi kwenye boneti, na kando yake alikuwa Gibson, suti ya kijivu, ua kifuani. Aliangalia huku na huku, akapiga magoti, akapitisha leso yake nyeupe kwenye paipu, mkono mzima chini ya bodi, toka nyuma mpaka mbele. Akaitoa, akaigeuza, akainusa. Ilikuwa na vumbi tu la barabarani. Akapangusa magoti akaingia kanisani upesi, maana mjomba alikuwa anaitwa.