Mbeba Ndizi na Kigingi cha Njiani

Mbeba ndizi hapiti jiwe. Akilikuta katikati ya njia yetu ya kuteremkia mlima, hushuka kwenye baiskeli, akaliinua kwa mikono miwili, akalilaza pembeni, kisha akajifuta viganja kifuani. Breki hana. Husimama kwa kukandamiza kiatu chake cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, na kisigino cha kulia kimelika hadi kimebaki kama karatasi.

Asubuhi ile alikuta kigingi kimepigwa katikati ya njia, na mwanajeshi mwenye bunduki kando yake.

“Simama! Hii ardhi ya serikali. Baskeli hapana pita tena.”

Kiatu kililia, mpira ukanuka, gurudumu likagota kigingi. Sisi tuliokuwa tukilima karibu tuliacha majembe.

“Ndiyo, afande.”

Akaegemeza mzigo. Akakitikisa kigingi kwa mikono miwili, akaking'oa, akakilaza pembeni pamoja na mawe yake. Akajifuta kifuani.

Bunduki iliinuka. “Rudisha!”

“Nitarudisha, afande. Lakini bengine banakuya nyuma yangu, na habana breki.”

Huko juu kengele za baiskeli za wabeba ndizi wengine zikaanza kulia, zikiteremka. Wa kwanza kuruka pembeni alikuwa mwanajeshi.