Magongo ya Yaya Kalala

Nakumbuka Jumapili moja niliiba magongo ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni ndugu yangu mkubwa, yaya Kalala. Kaa, mwanangu, nikupe nasaha. Usiangalie hii kaptula ya shule. Nimekula fimbo za kutosha kuitwa mzee.

Yaya alizaliwa na mifupa miwili ya mguu imeshikana, karibu na kisigino. Utotoni haikumsumbua. Ukubwani, alipoanza kazi ya mgodi, kila jioni alirudi akichechemea. Daktari pale Kolwezi akampiga picha ya mifupa, akampasua, akakata pale paliposhikana, akatia katikati kipande cha mafuta ya mwili wake ili isishikane tena. Kisha plasta, na amri: mguu usikanyage chini. Asipopona, kazi imekwisha, na nyumba ya kampi tunairudisha, maana tunakaa humo kwa kazi yake. Tata, baba yetu, alishakufa.

Hayo yote niliyajua. Lakini firigisi ya kuku, mwanangu, Mama alimpa yeye. Majirani walileta mayai, yake. Kapinga, msichana wa kwaya anayeniita mimi mutoto, alikaa karibu naye akimfukuzia inzi. Mimi nilipong'oka jino kwenye mpira, niliambiwa nikanawe.

Basi yaya alipolala, nikafunga mguu kwa kitambaa, nikaenda misa na magongo yake. Walinipisha benchi la mbele. Kapinga akaninong'oneza, "Na weye tena? Ni ugonjwa ya familia?"

"Yangu ni mubaya kupita ya yaya," nikamjibu. Nilistarehe mpaka misa ikaisha.

Nyumbani nilimkuta yaya chini, mlangoni, plasta imepasuka. Aliamka, akakosa magongo, akakanyaga. Jasho lilikuwa linamtoka. "Kesho utavaa na kiatu yangu ya kazi?" akaniuliza.

Muuguzi jirani akaja, akatazama sana. Kidonda hakijafunguka, alisema, ila plasta ibadilishwe hospitali asubuhi.

Mwanangu, ukimwonea mgonjwa wivu, omba firigisi waziwazi. Ukinyimwa, lala na wivu wako. Usiguse kinachomsimamisha mwenzio.

Mama hakunipiga. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, akasema, "Mungu akupe mugongo ya nguvu, mutoto yangu. Kesho utabeba yaya yako mpaka ku hospitali. Magongo nitabeba miye. Tutapita mbele ya kanisa, na batu bakikuuliza mguu yako imepona namna gani, utabaambia."